Milango Miwili au Minne? Neno kwa Anayetafuta Gari la Njia Mbovu

Msimu ambao mbaazi na alizeti zimepata bei, hawakosekani watu wa Mogitu, wilayani Hanang, na vijiji vya jirani wanaoanza kuulizia magari. Hawatafuti gari la kutembelea mjini. Wanataka foo-wili, gari la kufika shambani, mnadani na hospitali hata kama mvua imenyesha usiku kucha. Hapo ubishi huanza, kijiweni kwa fundi au nje ya kanisa baada ya ibada: milango miwili au minne? Mwenye Jimny husema lake hupita panapopita mbuzi. Mwenye Prado humjibu kwamba yeye hana miadi na mbuzi, ana mama mzee na watoto watano.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aondoke nalo. Kama hilo ndilo litakuwa gari pekee la nyumba yako, nunua la milango minne. Yanayofuata ni sababu, na wapo watu ambao nitawashauri kinyume kabisa.

Tuanze na hesabu yenyewe maana inapoteza wengi. Kwenye matangazo ya magari yaliyotumika kutoka Japani, mlango wa nyuma wa kupakilia mizigo nao huhesabiwa. Ukiona imeandikwa milango 3, jua ni miwili ya pembeni na mmoja wa nyuma. Milango 5 ni minne ya pembeni na huo wa nyuma. Picha ikiwa imepigwa upande mmoja tu, na bei ikiwa chini kuliko ulivyotarajia, tulia uhesabu tena kabla hujatuma pesa. RAV4 ya kwanza, ya mwaka 1994, ilitoka na milango miwili tu ya pembeni, na yenye minne ikafuata mwaka 1995. Suzuki Escudo, ambayo kwingine huitwa Vitara, ilipita njia hiyohiyo: fupi mwaka 1988, ndefu mwaka 1990. Watengenezaji wenyewe waligundua haraka kwamba mnunuzi ana familia.

Jambo la pili ni kwamba kinachobishaniwa kwa jina la milango, mara nyingi, ni urefu. Pima umbali kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma. Jimny fupi ya toleo lililoanza 2018 ina milimita 2,250. Jimny ya milango minne, iliyoanza kuundwa India mwaka 2023, ina milimita 2,590. Tofauti hiyo ya milimita 340 ndiyo inayompa abiria wa nyuma mahali pa kuweka magoti, na ndiyo pia inayolifanya tumbo la gari liguse tuta mapema zaidi. Fupi huvuka tuta lenye pembe ya nyuzi 28 bila kugusa. Ndefu huishia nyuzi 24. Kwenye kingo za korongo ambalo ng'ombe wamelichimba kwa kwato mwaka hadi mwaka, nyuzi nne si kitu cha kudharau.

Gari fupi hugeuka mahali pembamba. Huingia kwenye kichochoro cha miba, likikuta mti umeanguka linageuza pua bila kurudi kinyumenyume nusu kilomita. Kwa afisa ugani, mfuga nyuki, au mtu mwenye shamba moja la mbali anakokwenda peke yake na jembe na dumu la maji, sifa hizi zina thamani ya kweli, na simcheki anayezipenda.

Lakini njia zetu ni zipi hasa? Barabara ya Babati hadi Singida ina lami, kwa hiyo mtu anaweza kulala Mogitu, akaamka akaenda Arusha au Dodoma bila tairi lake kugusa vumbi la barabara kuu. Shughuli inaanza unapoiacha lami: ukishika njia ya Haydom, ukielekea Basotu kwenye mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa na shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada, au ukiingia tu shambani kwako. Humo utakutana na udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa. Mvua ikinyesha unavimba, unanata, na unajaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini pande zote kama chupa. Gari halikwami kwa sababu ya milango yake. Linakwama kwa sababu tairi halishiki tena chochote.

Kwenye udongo huo gari jepesi lina nafasi nzuri zaidi. Jimny fupi ina uzito wa karibu kilo 1,100, wakati Land Cruiser ya kazi huzidi kilo 2,000 kabla hujapakia gunia hata moja. Jepesi halizami upesi, na likizama, vijana wanne na jozi moja ya maksai wa kulimia hulitoa. Land Cruiser iliyolala hadi kwenye ekseli, imebeba mahindi, inasubiri trekta.

Kuna jambo wasifiaji wa magari madogo hawalisemi. Njia zetu za mashambani zimechorwa na Fuso zinazobeba mazao na mifugo. Tairi za lori huchimba mifereji miwili, na umbali kati ya mifereji hiyo ni mkubwa kuliko upana wa Jimny. Matokeo yake gari dogo halienei humo. Tairi moja linatumbukia mferejini, jingine linapanda juu ya tuta la katikati, na gari zima linainama upande. Ukijaribu kukaa juu ya matuta, utelezi unakurudisha chini. Land Cruiser na Land Rover hukaa vizuri zaidi ndani ya mifereji hiyo, ingawa mifereji ikizidi kina, difu nayo huanza kulima tuta la katikati. Kabla ya kununua gari dogo, chukua futi uende upime mifereji ya njia yako mwenyewe, ile ya kwenda kwako. Watu hupima chumba kabla ya kununua kitanda, lakini gari wanaagiza Japani bila kuipima njia.

Kupinduka nako kusisahaulike. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani lilitangaza kwamba Suzuki Samurai, dada yake SJ413 tuliyoizoea huku, lilikuwa jepesi kupinduka linapokwepa kitu ghafla. Suzuki ilikana vikali, ikafungua kesi mwaka 1996, na pande hizo mbili zikamaliza kwa maelewano mwaka 2004. Sitaki kuwa hakimu wa kesi iliyokwisha. Ninachosema ni kwamba gari fupi, jembamba na refu kwenda juu halipendi kukatwa kona kali kwenye mwendo, na keria yenye magunia matatu juu yake inaliongezea kimo ambacho halikuumbwa nacho. Ukishuka Mlima Magara kutoka Mbulu kuelekea Mbuyu wa Mjerumani, tumia gia ndogo na uache injini ikushikilie. Gari fupi likifungwa breki ghafla kwenye mteremko wenye utelezi, mkia wake huja mbele upesi kuliko wa gari refu.

Sasa niseme kuhusu gari linaloharibu ubishi wote huu. Land Cruiser inayoitwa Hardtop, ambayo wengi huiita Mkonga kwa lile bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele, ni gari la milango miwili. Ndiyo, ile inayobeba wagonjwa, watumishi wa miradi, walimu wanaosimamia mitihani, maiti na maharusi. Ina mlango wa dereva, mlango wa abiria wa mbele, na milango miwili ya nyuma inayofunguka kama ya kabati. Urefu wake kati ya ekseli ni milimita 2,980. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba gari la milango miwili ni dogo na halibebi watu, muulize hiyo Mkonga yeye aliipandia wapi.

Familia ya Land Cruiser 70 ilizinduliwa mwaka 1984, na ndani yake kuna kila jibu la swali letu. Kuna fupi kabisa ya milango miwili yenye milimita 2,310, kuna ya wastani yenye 2,600, kuna hii ndefu inayojulikana kwa namba 78, na kuna namba 76, ya milango minne yenye milimita 2,730. Namba 76 ndiyo ningeichagua kwa familia yenye uwezo, maana ina chasisi na moyo wa Hardtop, lakini mama anafungua mlango wake na kupanda kama binadamu. Bahati mbaya hazipatikani kirahisi, na zikipatikana mwenye nayo anajua anachouza.

Hardtop yenyewe ina dosari zinazotokana moja kwa moja na milango yake. Abiria wa nyuma wengi hukaa kwenye mabenchi yanayotazamana, ubavu wao ukiwa mbele. Gari likigonga, mwili unarushwa kiupande, na mara nyingi mikanda haipo au imefichwa chini ya siti na vumbi. Wote hutokea milango ile ya nyuma tu. Likilala ubavu na milango ile ikagoma, kuna watu kumi ndani wasio na pa kutokea. Ukiinunua, fanya mambo mawili wiki hiyohiyo: funga mikanda kwenye mabenchi, na hakikisha mlango wa nyuma unafunguka kutoka ndani, siyo kwa kamba ya katani bali kwa kishikio chake. Halafu kuna vumbi. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa ya nyuma huvuta vumbi kulirudisha ndani kupitia raba za milango ile. Badilisha raba, funga vioo vya nyuma, fungua matundu ya hewa ya mbele ili presha ya ndani isukume vumbi nje. Raba hazina gharama kubwa ukilinganisha na vifua vya watoto.

Arusha wameshalitatua tatizo hili kwa msumeno. Karakana za kule huchukua Land Cruiser ya milango miwili, zikaikata, zikairefusha chasisi, zikatia milango ya pembeni na paa la kufunguka, na ikatoka gari la kupeleka watalii Ngorongoro na Serengeti. Ni kazi ya ufundi mkubwa ikifanywa na wanaoijua. Magari hayo yakichoka na utalii huuzwa, na mengine huishia mikononi mwa wakulima. Ukiuziwa moja, lala chini yake na tochi. Angalia maungio ya chasisi palipokatwa: ulehemu uwe umenyooka, bamba la kuimarisha liwe refu kupita ulehemu pande zote mbili, pasiwe na ufa wala kutu inayochungulia kwenye rangi mpya. Kisha angalia kama kadi ya gari inaeleza gari hilo lilivyo sasa. Gari lililorefushwa bila karatasi litakusumbua siku ya ajali kuliko siku ya kununua.

Nirudi kwa familia, kwa sababu huko ndiko kwenye uzito wa ushauri wangu. Fikiria siku mbaya kuliko zote katika mwaka. Si siku ya mnada. Ni usiku wa mvua, mtu wa nyumbani ana uchungu wa kujifungua au mzee amepooza upande mmoja, na mnahitaji kufika Katesh au Haydom, kwenye hospitali ambayo Walutheri kutoka Norway waliifungua mwaka 1955 na ambayo hadi leo watu wa Mbulu, Hanang na mikoa ya jirani huikimbilia. Kwenye gari fupi la milango miwili, mgonjwa wa nyuma anaingizwa kwa kukunja siti ya mbele, kuinama, kukanyaga pembeni ya mkanda, na kujitupa. Jaribu kumpitisha humo mjamzito. Jaribu kumtoa mtu aliyezimia. Vioo vya nyuma vya Jimny fupi havifunguki, kwa hiyo mwenye kichefuchefu yuko kifungoni. Haki ya Jimny ni hii: ukitoa viegemeo vya kichwa, siti ya mbele ya abiria hulala hadi ikakutana na ya nyuma na kuwa kitanda, na mgonjwa mmoja anaweza kunyooka. Ila hapo mmebaki dereva, mgonjwa, na mtu mmoja aliyejikunja nyuma. Mama mkwe amebaki nyumbani, na lawama zimebaki naye.

Milango ina upande wake wa ujirani pia. Kwetu huku gari la mtu ni lake mpaka msiba utokee. Wairaqw, Wadatoga, Wanyaturu, kila kaya ina ndugu wa kufikisha mahali, na anayemiliki gari anajua simu yake italia. Nawajua watu waliochagua milango miwili wakiwa na hesabu hiyo kichwani: siti chache, maombi machache, mafuta yanabaki kwenye tangi. Siwalaumu. Anayeomba msaada wa gari kwa kawaida hakumbuki bei ya dizeli. Lakini kisingizio hicho hakidumu. Utaambiwa basi beba wawili urudi ubebe wengine wawili, na utakuwa umechoma mafuta mara mbili. Mwenye milango minne anaenda mara moja, na akiwa na busara anataja mchango wa mafuta kabla ya kuwasha injini, mchana kweupe, bila kununa.

Tabia za wenye magari haya nazo zina raha yake. Wenye Land Rover huwashiana taa wakipishana hata kama hawajuani. Oktoba 2024 Arusha ilifurika Land Rover kutoka kila kona ya nchi, msafara ukipangwa ili kuvunja rekodi ya magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, na humo ungeona fupi na ndefu, za jeshi za zamani, zilizopakwa rangi upya na zilizobaki na mikwaruzo yake. Mwenye moja ya inchi 109 ya miaka ya sitini alikuwa na maringo kuliko mwenye Defender mpya yenye vioo vya giza, na kwa haki. Japani nako, Suzuki ilipoitangaza Jimny ya milango minne kwa jina la Nomade mwishoni mwa Januari 2025, maagizo yalifika karibu 50,000 ndani ya siku chache hadi kampuni ikasimamisha kupokea mengine. Wale waliotukuza fupi kwa miaka yote hiyo walikuwa wakisubiri mlango wa nyuma kimyakimya. Marekani ilikuwa vivyo hivyo kwa Jeep Wrangler: ya milango minne ilipoletwa kama toleo la 2007, ndiyo ikawa inayonunuliwa zaidi.

Kenya kuna mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangisha fedha za kulinda msitu wa Aberdare, ambako mshindi ni yule aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, bila kujali kasi. Video zake huwasha vijana wetu moto. Wanaona gari fupi likipanda ukuta wa mawe, kesho yake wanataka kukata bampa na kuinua springi. Kijana wangu, gari lile limejengwa kwa siku moja ya mwaka, lina kizimba cha chuma ndani, na lina watu wa kulifunga winchi. Lako litabeba mbolea Jumatatu. Kuinua springi kupita kiasi kunaharibu propela shafti na kunaliongezea kupinduka gari ambalo tayari ni jepesi kupinduka. Pesa ya springi inunulie tairi nne nzuri za matope, kamba ya kuvutia yenye nguvu, jeki ya kuinua juu, na koleo. Ibaki chenchi ya kununulia ubao wa kuweka chini ya jeki, maana kwenye udongo mweusi jeki isiyo na ubao inajizika yenyewe.

Kuhusu injini nitakuwa mfupi. Ukanda wetu uko juu ya mita 1,500, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Jimny ya cc 1,500 yenye watu wanne na mizigo itapanda Magara, ila utaijua kwa jina kila gia. Zile za cc 660 zina tabo na ushuru wake huwa mwepesi, lakini si za kubebesha. Injini ya 1HZ ya Hardtop, dizeli ya silinda sita na cc 4,164, haina haraka wala haina umeme mwingi wa kusumbua, na mafundi wengi wa Babati na Singida wanaijua. Inakunywa mafuta, hilo asikufiche mtu. Bei ya ushuru usiisikilize kijiweni. Ingia kwenye kikokotoo cha mamlaka ya mapato, TRA, uweke mwaka na injini ya gari unalolitaka, kwa sababu umri wa gari unaongeza kodi na watu wengi hushtuka mzigo ukiwa tayari bandarini.

Ukienda kukagua gari la milango miwili, kuna sehemu ambazo hazikaguliwi sana kwenye magari mengine. Mlango wake ni mrefu na mzito kuliko wa gari la milango minne, kwa hiyo bawaba huchoka mapema. Fungua mlango nusu, ushike mwisho wake, unyanyue taratibu. Ukicheza juu na chini, bawaba zimekwisha, na barabarani utasikia mlio usiokoma na vumbi litaingia. Kunja siti ya mbele mara kadhaa: irudi mahali pake na ifunge kwa mlio, isibaki ikitikisika. Kwa Jimny na ndugu zake wenye ekseli nzima mbele, endesha hadi kilomita 60 au 80 kwa saa kwenye lami. Usukani ukianza kutetemeka mikononi, kuna bearingi za juu na chini ya magurudumu ya mbele zilizochakaa au tairi zisizo na balansi. Si ugonjwa wa kufa, ila punguza bei kabla ya kukubali. Kwa la milango minne, kagua zaidi nguzo ya katikati na sakafu chini ya zulia la nyuma, hasa likiwa limetoka nchi ya baridi ambako chumvi humwagwa barabarani.

Mkulima asiye na haja ya kubeba familia nina neno tofauti naye. Ndugu, acha magazeti ya magari. Gari lako la milango miwili ni pikapu. Hilux ya kabini moja ina kitanda cha mizigo cha karibu mita 2.3, wakati dabo kebini inabaki na kama mita 1.5, na gunia halina haja ya siti. Kama shamba ni dogo na njia si ya kutisha, Kirikuu, ile pikapu ndogo, yenye foo-wili itafanya kazi ambayo Prado itaona aibu kuifanya, kwa mafuta ya kuhesabika. Usipakie watu nyuma ya pikapu kwa sababu tu kuna nafasi. Kama wiki nzima unabeba mazao na Jumapili unabeba watu, hapo dabo kebini inastahili kulipiwa, ukubali tu safari mbili za magunia badala ya moja.

Na kwa mtu mwenye gari la familia tayari, anayetaka la pili la kujifurahisha na kufika shamba la mbali, nunua fupi la milango miwili na usiombe radhi kwa yeyote. Chagua la bei ya chini lenye chasisi safi. Jua tu kwamba siku ukiliuza huku kwetu wanunuzi watakuwa wachache, kwa sababu wengi wana hesabu ya watoto kama yako ya zamani.

Nimalizie na mvua. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliporomokea Katesh na vijiji vyake, vikaua makumi ya watu na kufunga barabara. Hakuna gari siku ile lililokuwa na milango ya kutosha. Maji yakivuka barabara na huoni chini, zima injini usubiri ng'ambo hii, hata kama una mkonga hadi angani na watu nyuma wanakuambia vuka. Mkonga unalinda injini isinywe maji. Haulizuii gari kubebwa.

Basi ukienda kuangalia gari, usiende na shemeji anayejua injini peke yake. Nenda na mama au bibi, yule mzee kuliko wote wa nyumbani, na mtoto mdogo. Mkalishe mzee siti ya nyuma, mwambie ashuke mwenyewe, apande tena, huku wewe umesimama kando bila kumshika. Akishindwa mara mbili, rudisha ufunguo kwa mwenyewe na uendelee kutafuta.